Stroberi kwenye kitalu nyumba cha nyumbani: mwongozo kamili kwa waliopata majani wakakosa matunda

Malalamiko huwa ni yaleyale. Miche imeshika, majani ni mapana na yamekoza, vitambazi (vikonyo virefu vinavyotambaa na kuotesha miche mipya) vimejaa hadi njiani, lakini matunda hakuna. Au yapo, ila ni madogo, yamejikunja upande mmoja, ncha ngumu imejaa mbegu zilizobanana. Wengine hawafiki hata huko: mche unanyauka wiki ya tatu, na ukiuvuta unang'oka kama haukuwahi kuwa na mizizi.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitatu. Banda lina joto kupita kiasi, mche ulifukiwa moyo (sehemu fupi ngumu kati ya mizizi na majani) siku ya kupandwa, au ua halikupata chavua (vumbi la njano la maua). Na nyuma ya yote matatu kuna kosa moja kubwa zaidi: mtu amejenga banda la nyanya, kisha akapanda stroberi ndani yake. Kwa stroberi, kitalu nyumba ni mwavuli, si tanuri. Kazi yake ni kuzuia mvua ya kawaida, mvua ya mawe na ndege. Joto la ziada halihitajiki.

## Eneo lako linafaa?

Stroberi hutaka mchana wa nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi na usiku wa nyuzi 10 hadi 15. Joto likivuka 30 siku nyingi mfululizo, mmea huacha kutengeneza maua na chavua yake hudhoofika.

Lushoto, Njombe, miteremko ya Meru na Kilimanjaro, Limuru, Kabale, Musanze, Bukavu: huko kote inawezekana. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hapana. Usiku wa pwani haupoi vya kutosha, na plastiki juu yake huzidisha tatizo. Aliye pwani mwenye eneo dogo atapata faida zaidi kwa ndimu kwenye pipa au karakara kwenye uzio.

Kuna jambo moja linalotupendelea sisi tulio karibu na ikweta. Aina kama Chandler hutengeneza maua siku zinapokuwa fupi. Huku kwetu mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo urefu wa siku si kikwazo. Kinachoamua ni ubaridi. Aina kama Albion hazijali urefu wa siku kabisa, lakini nazo joto huzishinda.

## Vifaa vya banda la mita 4 kwa 6

Vipimo hivi vinatosha miche 96, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukihudumia asubuhi kabla ya kwenda kazini.

- Mirunda iliyopakwa dawa ya mchwa, ya mita 2.6 kwa kuta na mita 3.8 kwa katikati, pamoja na mbao za paa
- Plastiki ya kitalu nyumba iliyotiwa kinga ya jua, unene wa mikroni 200
- Neti ya kuzuia ndege, matundu ya milimita 10 hadi 15, kwa kuta
- Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 35, ya kufunika paa
- Mbao au matofali ya kutengeneza masanduku matatu ya kupandia
- Udongo debe 72, mboji debe 54, na pumba za mpunga zilizooza nusu au kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) debe 54
- Pipa la lita 200 hadi 250, kichujio, koki, na mipira ya matone yenye tundu kila sentimita 30, jumla mita 30
- Kipimajoto kimoja kizuri, kipimo cha pH (kiwango cha tindikali) ya udongo, na mizani ya jikoni ya kupima gramu
- Brashi laini ya rangi za maji, au unyoya laini wa kuku
- Mbolea zinazoyeyuka: NPK 19-19-19 (namba zinaonyesha nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo), nitrati ya kalsiamu, na NPK yenye potasiamu nyingi
- Miche 100; minne ni akiba

Usinunue miche kwanza. Miche iliyokaa kwenye mfuko wiki tatu ikingoja banda liishe hupandwa ikiwa imeshachoka.

## Hatua ya 1: Jenga banda linalopumua

Chimbia mirunda sentimita 60 ardhini, ili kuta zibaki na urefu wa mita 2 na kilele cha paa kifike kama mita 3.2. Banda fupi hukusanya joto kichwani kwa mimea.

Paa lisifungwe lote juu. Upande mmoja wa paa uupandishe juu ya mwingine, uache mwanya wa sentimita 40 kwa urefu wote wa banda, na uuzibe kwa neti. Hewa ya moto hupanda na kutokea hapo. Elekeza mwanya huo upande ambao upepo unakwenda, usiwe unakotoka, la sivyo mvua itaingia na upepo utanyanyua plastiki.

Kwenye kuta, sentimita 60 za chini ziwe plastiki ili matone ya mvua yasirushe matope ndani. Zilizobaki hadi juu ziwe neti, na nje yake pazia la plastiki la kukunja kwa kuzungusha fito. Pazia hushushwa usiku wa baridi kali au wakati wa mvua ya upepo. Siku nyingi litakuwa juu.

Mafundi wengi watakushauri neti yenye matundu madogo kabisa ya kuzuia wadudu. Kwa nyanya wana hoja, kwa sababu nzi weupe hueneza virusi. Kwa stroberi neti hiyo hupunguza hewa na kuwafungia nyuki nje, na hapo unapoteza mara mbili. Matundu ya milimita 10 hadi 15 humzuia ndege na kumruhusu nyuki.

Kila mahali plastiki inapogusa mbao, paka rangi nyeupe kwanza. Mbao nyeusi hupata joto na kuichakaza plastiki hapohapo, na mipasuko ya paa mara nyingi huanzia juu ya mbao. Weka pia mfereji wa kukinga maji ya paa. Mvua ya milimita 10 juu ya mita za mraba 24 ni karibu lita 240, yaani pipa zima, na maji ya mvua hayana chumvi.

Kabla ya kuendelea, jaribu banda likiwa tupu. Ning'iniza kipimajoto sentimita 40 kutoka ardhini, kivulini, mapazia yakiwa juu, saa nane mchana siku ya jua. Tofauti ya nje na ndani isizidi nyuzi 3. Ikizidi, ongeza mianya sasa. Ukishapanda itakuwa taabu.

## Hatua ya 2: Masanduku na udongo

Tengeneza masanduku matatu ya urefu wa mita 5, upana wa sentimita 70 na kina cha sentimita 30, yasiyo na sakafu. Acha njia mbili za sentimita 60 katikati na nafasi ya sentimita 35 kati ya sanduku na ukuta. Nafasi hiyo ya ukutani usiiibe ili kuongeza mstari. Ndiyo inayopitisha hewa chini ya majani.

Kina cha sentimita 30 kinatosha kwa sababu mizizi ya stroberi haiendi mbali. Kwa sababu hiyohiyo, mmea huu haustahimili kukauka, haustahimili kutuama kwa maji, na haustahimili chumvi.

Kwa kila sanduku changanya:

- debe 24 za udongo wa juu usio wa mfinyanzi
- debe 18 za mboji au samadi ya ng'ombe iliyokaa angalau miezi mitatu
- debe 18 za pumba za mpunga zilizooza nusu, au kokopiti

Jumla ni zaidi ya ujazo wa sanduku, lakini udongo utashuka ukimwagiwa maji. Kokopiti ioshe kwa maji mengi kabla ya kuitumia, kwani makumbi ya nazi hubeba chumvi. Pumba zilizochomwa ziache. Majivu hupandisha pH. Samadi ya kuku nayo iache. Ina chumvi nyingi na nitrojeni nyingi, na ndiyo chanzo cha mashamba mengi yenye majani bila maua.

Udongo usitoke mahali palipokuwa na nyanya, viazi mviringo, bilinganya au pilipili. Mazao hayo huacha ugonjwa wa mnyauko ambao hukaa ardhini miaka mingi na huishambulia stroberi pia.

Pima pH. Inayotakiwa ni 5.5 hadi 6.5. Ikiwa chini ya 5.5, changanya gramu 350 za chokaa ya kilimo kwa kila sanduku, mwezi mmoja kabla ya kupanda. Ikiwa juu ya 7, usihangaike kuirekebisha. Tafuta udongo mwingine.

Sasa ua vimelea kwa jua. Lowesha udongo uloe hadi chini, funika kila sanduku kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo zote, shusha mapazia, ziba na mwanya wa paa kwa muda, uache wiki 4 hadi 6. Huu ndio wakati pekee ambapo unataka banda liwe na joto. Ukifunua, udongo uwe na harufu ya msitu baada ya mvua. Ukinuka kama choo, mboji ilikuwa haijaiva, subiri wiki mbili nyingine ukiwa umeuacha wazi.

## Hatua ya 3: Maji

Weka pipa juu ya kichanja cha mita 1.5 hadi 2. Koki, kichujio, kisha mpira mkuu, na kutoka hapo mipira miwili ya matone kwa kila sanduku, kila mmoja sentimita 17 kutoka ukingoni. Usimwagilie kwa keni wala mpira juu ya majani. Ua lililolowa ndipo kuvu ya kijivu inapoingilia.

Hapa kuna hesabu inayowapoteza wengi. Mpira ulioandikwa lita 1.6 kwa saa umepimwa kwa presha kubwa kuliko ya pipa lako. Kwa mwinuko wa mita 1.5 unaweza kutoa chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo pima mwenyewe: fukia kikombe chini ya tundu moja mwanzoni mwa mstari, kingine katikati, kingine mwishoni, fungua koki dakika 10, pima mililita. Vikombe vikitofautiana sana, mpira umelala vibaya au umeziba.

Mche mchanga unahitaji kama mililita 200 kwa siku. Ukianza kuzaa, na siku ikiwa ya jua, mililita 400 hadi 500. Gawa mara mbili: asubuhi mapema, na kabla ya saa nane mchana. Jioni usimwagilie, kwa sababu unyevu utalala ndani usiku kucha.

Mara moja kwa wiki fungua ncha za mipira, acha maji yatoke kwa nguvu dakika moja. Utashangaa tope linalotoka.

## Hatua ya 4: Kupanda

Chagua mche wenye moyo mnene, angalau unene wa kidole kidogo cha mkono. Moyo ni ile sehemu fupi ngumu kati ya mizizi na majani, ambako majani mapya hutokea. Chana mzizi mmoja kwa kucha: ndani uwe mweupe. Ukiwa wa kahawia hadi ndani, rudisha mche kwa aliyekuuzia. Nunua kwa mzalishaji anayetambulika, si vitambazi vya bure kutoka shamba usilolijua, kwani virusi, utitiri na minyoo fundo husafiri humo.

Panda jioni au siku ya mawingu.

1. Loweka mizizi kwenye maji safi nusu saa, si zaidi ya saa moja.
2. Bakiza majani mawili au matatu machanga, kata mengine.
3. Punguza mizizi kwa mkasi ibaki sentimita 10 hadi 12. Mizizi mirefu hujikunja shimoni ikatazama juu, na mche wa namna hiyo hudumaa.
4. Chimba mashimo kila sentimita 30, mistari miwili kwa sanduku, sentimita 35 kati ya mstari na mstari. Yapishanishe.
5. Tengeneza kichuguu kidogo ndani ya shimo, tandaza mizizi juu yake ikitazama chini pande zote, rudishia udongo.
6. Bana kwa vidole, kisha mwagilia.

Kisha piga magoti uangalie kila mche kwa karibu. Udongo ufike katikati ya moyo: nusu chini, nusu juu, na chipukizi changa la katikati liwe wazi kabisa. Ukiona punje za udongo zimeingia katikati ya vikonyo vya majani, zitoe kwa kijiti. Moyo uliofukiwa huoza. Moyo ulio juu mno hukauka na mizizi mipya hushindwa kufika udongoni. Maji ya kwanza hushusha udongo, kwa hiyo rudia ukaguzi kesho yake asubuhi. Miche mingi inayokufa mwezi wa kwanza ingeokolewa na ukaguzi huo wa pili.

Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 4 au 5, zisiguse moyo. Plastiki nyeusi ya kufunikia udongo inafaa nje Limuru mwezi wa Julai. Ndani ya banda hupasha mizizi joto.

Baada ya siku 10, jani jipya linapaswa kufunguka katikati. Mche usiotoa jani jipya hadi siku ya 14 ubadilishe kwa ule wa akiba.

## Hatua ya 5: Wiki sita za kukata

Kwa wiki sita za mwanzo kata kila ua na kila kitambazi. Ndiyo, hata yale maua mazuri ya wiki ya tatu. Mche mdogo ukianza kuzaa hukoma kuongeza mizizi, na utakupa matunda manne ya ukubwa wa njegere kisha utachoka.

Maua yatakatwa wiki sita tu, lakini vitambazi vitakatwa maisha yote ya mche, isipokuwa unapotaka miche mipya. Kata kwa mkasi karibu na moyo. Ukivuta unaweza kuung'oa. Mche wenye vitambazi vitano unalea watoto watano, na tunda linakuja baadaye.

Mwisho wa wiki ya sita mche uwe na majani 6 hadi 8, na ukiutikisa kidogo usichezecheze. Hapo acha maua.

## Hatua ya 6: Joto, kazi ya kila siku

Hapa ndipo watu huacha mambo yajiendeshe, na hapa ndipo mavuno hupotea.

Asubuhi, pandisha mapazia kabla kipimajoto hakijafika 20. Usisubiri uone majani yamelegea. Banda lililofungwa siku ya jua linaweza kuvuka nyuzi 35 kabla ya saa tano, na maua yaliyofunguka siku hiyo yameharibika hata kama mche wenyewe unaonekana mzima. Hasara utaiona wiki mbili au tatu baadaye, na utamlaumu mdudu.

Likifika 28 na mapazia yakiwa juu, funika paa kwa neti ya kivuli, kwa nje. Ukiitundika ndani, joto limeshaingia. Neti ya asilimia 70, ile nyeusi inayouzwa kila duka, ni giza mno. Mche utarefusha vikonyo na kuacha maua. Siku za mawingu iondoe.

Jioni, shusha mapazia tu ikiwa usiku unatarajiwa kuwa chini ya nyuzi 8 au mvua ya upepo inakuja. Wengi hufunga banda kila usiku kwa mazoea. Usiku wa nyuzi 12 ndio hasa stroberi inaoutaka, na banda lililofungwa hutoa jasho: asubuhi plastiki inadondosha matone juu ya maua.

Ukienda safari ya siku mbili, acha wazi. Baridi ya usiku mmoja haina madhara makubwa kama mchana mmoja wa banda lililofungwa.

## Hatua ya 7: Mbolea kidogo, mara nyingi

Stroberi huungua kwa chumvi haraka kuliko mazao mengi ya bustani. Usimwage mbolea ya punje karibu na moyo. Iyeyushe kwenye pipa.

Kabla ya maua: siku moja ya wiki tia NPK 19-19-19, gramu 1 kwa kila lita. Siku nyingine ya wiki hiyo tia nitrati ya kalsiamu, gramu 0.7 kwa lita. Siku zilizobaki ni maji matupu.

Maua yakianza: badilisha ile 19-19-19 kwa NPK yenye potasiamu nyingi, ambayo namba yake ya tatu ni angalau mara mbili ya namba ya kwanza. Kipimo ni kilekile. Nitrati ya kalsiamu iendelee.

Mbolea hizo mbili usizichanganye kwenye ndoo moja. Kalsiamu na fosfati hugandana kuwa unga mweupe ambao mmea hauupati, na unga huo huziba matundu ya mipira.

Kila baada ya wiki mbili, mwagilia maji matupu hadi yatoke chini ya sanduku, yaoshe chumvi. Kingo za majani ya zamani zikikauka kahawia, chumvi imezidi: osha, kisha punguza kipimo kwa nusu. Ncha za majani machanga zikiungua wakati ya zamani ni mazima, kalsiamu haifiki, na mara nyingi kosa si la mbolea bali hewa kutuama. Majani meusi-kijani, makubwa, bila maua: nitrojeni nyingi. Simamisha mbolea zote wiki mbili.

## Hatua ya 8: Kuchavusha

Chunguza ua moja lililofunguka leo. Katikati kuna kilima kidogo cha rangi ya manjano-kijani, kimejaa vinyuzi vidogo sana. Pembeni yake kuna duara la stameni zenye vichwa vya njano. Kila kinyuzi cha kilimani kikipata chavua kitakuwa mbegu, zile unazoziona juu ya ngozi ya stroberi, na kila mbegu huamuru nyama iliyo chini yake ivimbe. Upande usiopata chavua hauvimbi. Tunda lililopinda halina ugonjwa. Ni ramani ya mahali chavua ilipofika na pasipofika.

Nje, upepo na nyuki hufanya kazi hii. Ndani ya banda upepo ni mdogo, na nyuki huingia wakijisikia. Mzinga ndani ya banda la mita 24 za mraba haufai, eneo ni dogo mno na nyuki watakufa kwenye plastiki. Mzinga wa nyuki wadogo wasiouma uliowekwa nje jirani na banda husaidia. Hata hivyo usiwategemee kwa maua ya kwanza, wala siku za mawingu. Fanya mwenyewe:

1. Anza kati ya saa nne na saa sita mchana, umande ukiwa umekauka. Chavua iliyolowa haitoki.
2. Gusa stameni kwa brashi ukizunguka duara lote. Brashi ionekane na vumbi la njano.
3. Zungusha brashi juu ya kilima, kutoka chini hadi kileleni, polepole, mara mbili. Usisugue, vinyuzi hukatika.
4. Nenda ua linalofuata na brashi hiyohiyo.
5. Rudia kila baada ya siku moja. Kwa njia hiyo kila ua litapata mguso mara mbili au tatu kabla petali hazijadondoka.

Miche 96 huchukua kama nusu saa ukishazoea. Ua la kwanza kwenye kila shada ndilo hutoa tunda kubwa kuliko yote, kwa hiyo ukiwa na haraka hudumia hayo kwanza.

Baada ya siku tano hivi petali hudondoka na kilima huanza kuvimba sawasawa pande zote. Kikiwa cheusi katikati, ua lilipigwa na baridi kali, likate.

Wakati maua yako wazi usipulize dawa ya wadudu yoyote mchana, hata ile inayoitwa ya asili.

## Hatua ya 9: Wanaokuja kula

Utitiri mwekundu ndiye adui mkuu wa banda kavu na lenye joto. Majani hupata vidoti vidogo vyeupe, kisha hugeuka rangi ya shaba. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara tatu. Vikidondoka vinukta vinavyotembea, umempata. Kata majani yaliyozidiwa, yatoe nje kwenye mfuko. Osha upande wa chini wa majani kwa maji asubuhi mapema, yakauke kabla ya saa nne, kisha jioni pulizia sabuni ya maji ya kuulia wadudu, mililita 5 kwa lita, upande wa chini. Rudia baada ya siku 5, kwa sababu mayai hayafi. Kenya huzalishwa utitiri wawindaji wanaowala hawa wekundu; ukiweza kuwapata, usipulize chochote baada ya kuwaachia.

Kuvu ya kijivu hufunika tunda kwa manyoya ya rangi ya majivu. Tunda huoza likiwa linaiva, lakini ugonjwa uliingia wakati wa ua. Kuokota matunda mabovu ni lazima, ila tiba ni hewa: kata majani ya zamani, fungua mapazia, acha kumwagilia jioni.

Ubwiri unga hukunja kingo za majani kwenda juu kama kijiko, na unga mweupe huonekana chini. Salfa ya kupulizia hufanya kazi, lakini kamwe si siku yenye zaidi ya nyuzi 28, huunguza majani.

Konokono hula usiku. Laza kipande cha ubao njiani, ukigeuze asubuhi, uwaokote. Vidukari wakionekana, tafuta sisimizi kwanza, maana ndio wanaowalinda. Kwa dawa yoyote ya dukani, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Stroberi huliwa na ganda lake.

## Hatua ya 10: Kuvuna

Tangu ua hadi tunda ni wiki nne hivi, zaidi kidogo mahali pa baridi. Stroberi haiendelei kuiva ikishachumwa, kwa hiyo ya kula nyumbani iache iwe nyekundu hadi mabegani. Vuna asubuhi, kila siku moja au mbili, ukikata kikonyo kwa ukucha na kuacha kofia yake ya kijani. Usioshe hadi wakati wa kula. Mche uliotunzwa vizuri utakupa robo kilo hadi nusu kilo kwa mwaka, ukija kwa misimu midogomidogo.

## Hatua ya 11: Kupyaisha

Kila msimu mdogo ukipita, kata majani ya zamani ubakize matano au sita. Ukiona mche umegawanyika kuwa mioyo mingi, bakiza mitatu au minne minene, mingine itoe.

Mwaka wa pili ukielekea mwisho matunda hupungua ukubwa. Hapo chagua miche michache iliyozaa vizuri na isiyowahi kuugua, iachie vitambazi viwili kila mmoja. Mche mdogo wa kwanza kwenye kitambazi, ule ulio karibu na mama, ubane kwa kipande cha waya juu ya kikombe cha udongo laini. Lowesha kila siku. Baada ya wiki 3 hadi 4 ukivutwa kidogo ukashikilia, kata kitambazi kinachouunganisha na mama.

Sanduku moja lipumzike kwa zamu: toa udongo wa juu sentimita 15, weka mchanganyiko mpya, funika kwa plastiki angavu wiki sita kama mwanzo, kisha panda miche hiyo. Masanduku mengine mawili yanaendelea kuzaa, lakini wiki hizo sita usishushe mapazia kwa ajili ya sanduku moja. Plastiki yenyewe itatosha, ongeza tu wiki mbili.